Mkeka wa Bi Sikudhani na Kalamu ya Nuru

Hapo zamani, zamani isiyo mbali, ambayo walioiona bado wanatembea kwa miguu yao wenyewe, palikuwa na mji ulioitwa Kwembago. Pande tatu ulizungukwa na mashamba ya mkonge, na upande wa nne palikuwa na kilima chenye hospitali. Anayesikiliza na asikilize hadi mwisho, kwa sababu mwisho wa kisa hiki hakupewa msimuliaji, amepewa msikilizaji.

Katika mji huo aliishi Bi Sikudhani Mndolwa, Mzigua, mjane wa miaka sitini na mitatu, msukaji wa mikeka. Alikuwa amesuka ukili, ile mikanda ya majani ya mkindu inayoshonwa kuwa mkeka, tangu utotoni. Vidole vyake viliijua kazi kiasi kwamba macho yake yalibaki huru kutazama njia, na ulimi wake ukabaki huru kuwasema wapita njia. Kando yake hakikukosekana kijaluba, kile kikopo cha shaba cha kuwekea tambuu. Ndani yake mlikuwa na majani, popoo iliyokatwa, chokaa, katu, iliki, karafuu na tumbaku kidogo. Alikunja jani, akalitia kinywani, akatafuna, akatema mate mekundu, akaendelea kusuka. Ndivyo alivyofanya mama yake. Ndivyo walivyofanya wanawake wa rika lake wote.

Mwaka ule alikuwa akimalizia mkeka ambao hakukusudia kuuuza. Ulikuwa mkeka wake wa kulazwa siku ya kufa, kabla ya kupelekwa makaburini. Aliusuka kwa ukindu mweupe, mweusi na wa zambarau, kwa ukili mwembamba kuliko wote aliowahi kusuka, na kazi hiyo ilimchukua miaka miwili. Hakuifanya kwa huzuni. Alisema kwamba mtu hapaswi kuwaachia wengine wamchagulie kitu atakacholalia.

Kila asubuhi Mzee Mihambo, Mnyamwezi, mkata mkonge aliyekwisha kustaafu, alipita mlangoni kwa Bi Sikudhani. Alikuja Kwembago akiwa kijana mwenye meno yote, na hakuwa na ndugu hata mmoja katika mji ule. Alikuwa na mtani. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa zake: anaweza kukutukana mbele za watu wala usikasirike, anaweza kuchukua kitu chako wala usimshtaki, na siku ya msiba wako husimamia shughuli huku akiwachekesha wafiwa.

"Mtani," alisema Mzee Mihambo, akiutazama mkeka, "unasuka godoro la mchwa."

"Mchwa wa Kizigua ni wastaarabu, watalala juu yake," alijibu Bi Sikudhani. "Wewe ulikuja kubeba mizigo ya watu ukasahau njia ya kwenu. Ukifa tutakukunja kwenye gunia la katani."

"Nifunikeni tu vizuri miguuni. Miguu yangu husikia baridi."

Ndivyo walivyoishi. Ingepita siku ambayo hawakutukanana, ungejua kwamba mmoja wao anaumwa.

Basi ikatokea kwamba hospitali ya kilimani ikampokea mtaalamu aliyeitwa Tungaraza. Hakuwa daktari, alikuwa amesoma habari za nuru kwa miaka kumi na mmoja. Alikuja na chombo chenye ukubwa wa sanduku la nguo, na kwenye chombo hicho palining'inia waya mwembamba wenye nyuzi za kioo ndani yake, ambao ncha yake ilikuwa kama kalamu. Watu wakaiita kalamu ya nuru. Ikatangazwa mjini kwamba wote wanaotafuna tambuu waende wakapimwe vinywa, kwa kuwa saratani ya kinywa ilikuwa imewachukua watu wanane katika miaka mitatu, na wote wanane walifika hospitali wakiwa wamechelewa.

Bi Sikudhani alikuwa na doa jeupe ndani ya shavu la kulia, na alilijua. Alikwenda siku ya kwanza kabisa, kwa sababu hakupenda kusikia habari kutoka kwa waliotangulia.

Akamkuta Mtaalamu Tungaraza ameketi, na pembeni yake Sista Filomena Shekalaghe, muuguzi wa miaka kumi na tisa katika hospitali ile, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasukutulisha wagonjwa, kuisafisha ncha ya kalamu na kuandika daftari.

"Kabla hujaniingiza kitu kinywani," alisema Bi Sikudhani, "niambie kinafanya nini."

"Bibi," alisema Tungaraza, "ukiziba tochi kwa kiganja, huoni wekundu katikati ya vidole?"

"Nauona."

"Huo ni mwanga ulioingia nyamani ukatokea upande wa pili. Mwanga ukiingia, sehemu yake humezwa na damu, na sehemu yake hugonga nyama ikarudi. Chombo hiki huupokea unaorudi, huutenga rangi kwa rangi kama upinde wa mvua, kisha huchora mstari. Nyama nzima ina mstari wake. Nyama iliyoanza kwenda kombo ina mstari mwingine, hata kama jicho la daktari bado linaiona kuwa nzima."

"Na hiyo iliyokwenda kombo ndiyo saratani?"

"Bado. Ni hatua iliyo kabla yake. Ikikamatwa hapo, hukatwa kipande kidogo na mtu akarudi kwake. Ikiachwa, huenda ikatulia, na huenda ikafika."

Bi Sikudhani akafikiri. "Ukili ukilegea ndani, kidole changu hujua kabla jicho halijajua."

"Basi kalamu hii ni kidole chako, Bibi."

Jibu hilo lilimpendeza, akafumbua kinywa. Nuru ikaingia, nuru ikatoka, mstari ukachorwa. Shavu la kulia, salama. Shavu la kushoto, salama. Chini ya ulimi, salama. Akapewa karatasi.

Sasa pana jambo ambalo Tungaraza hakulijua, kwa kuwa hakuzaliwa huko. Mtu wa Kwembago haendi mbele ya mtu wa heshima na kinywa kitupu. Akienda kuposa, hutafuna kwanza tambuu nzuri, yenye iliki na karafuu, ili maneno yake yatoke yakinukia. Akienda kwa kadhi, hutafuna. Na alipoitwa kwa mtaalamu aliyesoma miaka kumi na mmoja, Bi Sikudhani alitengeneza tambuu bora kuliko zote, akaitafuna njia nzima, akaitema langoni. Wenzake wote walifanya vivyo hivyo. Sista Filomena aliwasukutulisha mara moja kwa maji, kama kitabu cha chombo kilivyoagiza. Lakini wekundu wa tambuu hautoki kwa maji ya mara moja. Ulibaki juu ya nyama kama rangi juu ya ukindu, ukameza sehemu ya nuru wakati wa kuingia na sehemu nyingine wakati wa kutoka, na chombo kikausoma wekundu huo kana kwamba ni damu ya mtu mwenye afya.

Bi Sikudhani akarudi nyumbani na karatasi yake. Mzee Mihambo alikuwa akimsubiri mlangoni.

"Wamesemaje?"

"Wamesema salama. Utasubiri sana kunizika."

"Habari njema namna hii, na mtani wako hujampa chochote?" Akainama, akakichukua kijaluba pale kando ya mkeka, akakitia mfukoni. "Kuku na wali, kijaluba hiki hapa. Bila kuku na wali, kijaluba hakipo."

"Kitakuozea mfukoni."

"Shaba haiozi, mtani."

Na utani una sheria zake. Aliyechukuliwa kitu na mtani hakinunui kingine, wala haazimi kwa jirani; akifanya hivyo amekubali kwamba ameshindwa. Ama hukomboa, ama huvumilia. Bi Sikudhani akachagua kuvumilia. Siku ya kwanza akavumilia, siku ya pili akavumilia, siku ya tatu akawatukana hata watu wasiokuwa watani zake.

Huko hospitali, Sista Filomena alikuwa akiifuta ncha ya kalamu kwa kitambaa cha shashi baada ya kila mgonjwa. Siku ya kwanza aliona shashi imepata wekundu, akanyamaza. Siku ya pili aliona, akanyamaza, kwa kuwa mtaalamu alikuwa na vyeti na yeye alikuwa na ndoo. Siku ya tatu akaitandaza mezani mistari ya watafuna tambuu arobaini na mmoja, akaona kwamba yote ilikuwa na bonde moja, mahali pamoja, kina kimoja.

"Mtaalamu," alisema, "watu arobaini na mmoja hawawezi kuwa na shavu moja."

"Chombo hiki kimejaribiwa kwa vinywa elfu moja na mia mbili, Sista."

"Vinywa vya wapi?"

"Vya mjini, karibu na chuo."

"Wanatafuna tambuu?"

Tungaraza akaishika kalamu. Akajipima shavu lake mwenyewe, akapata mstari wa mtu mwenye afya. Kisha akaomba tambuu, akaitafuna kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akasukutua kama kitabu kilivyoagiza, akajipima tena. Nuru ikaingia, nuru ikatoka, mstari ukachorwa. Na bonde lile lile lilikuwapo. Akaifuta midomo yake iliyokuwa myekundu. Kisha akatoka nje, akasimama mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, akasema, "Karatasi nilizowapa watafuna tambuu si za kutegemewa. Chombo hakikukosea, nilikosea mimi niliyekifundisha. Naomba mrudi baada ya siku kumi bila tambuu."

Mganga mkuu wa hospitali hakufurahi, kwa kuwa wageni walikuwa wamealikwa waje kukiona chombo. Akamwambia Tungaraza kwamba jambo lile lingeweza kusemwa ofisini. Tungaraza akajibu kwamba waliopewa karatasi hawakuwa ofisini.

Wakakubali watu saba tu. Siku kumi bila tambuu ni nyingi, na karatasi iliyosema salama ilikuwa tamu kuliko tangazo lililosema labda.

Sista Filomena akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa miguu, baada ya saa za kazi. Siku ya tano tangu kijaluba kichukuliwe, akafika kwa Bi Sikudhani.

"Nina karatasi," alisema Bi Sikudhani bila kuinua macho. "Mmeandika salama. Mnataka niirudishe mwandike nini?"

"Bibi, ninaomba tu siku kumi bila tambuu."

"Mimi sasa sitafuni kwa sababu ya Mnyamwezi mmoja, si kwa sababu yenu. Nikishakomboa kijaluba changu nitatafuna mpaka mate yafike hospitali. Na nikijua kwamba ninyi mnafurahia nisipotafuna, naanza leo."

Sista Filomena akaaga. Alikuwa amewahudumia wazee kwa muda wa kutosha kujua kwamba huyu hakuwa akitania.

Siku ya nane Mzee Mihambo akaona haya. Alipita asubuhi, akamkuta mtani wake amekaa kimya, mikono juu ya ukindu, bila kumtukana. Akarudi kwake, akakichukua kijaluba ili akirudishe bila kuku wala wali. Njiani akakutana na Sista Filomena.

"Mzee, unakwenda kukirudisha?"

"Nimemhurumia. Mchezo umeisha utamu."

"Kaa nacho siku nne zaidi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimetoka kwake sasa hivi, na wekundu wa kinywa chake umeanza kutoka. Kikitakata kabisa, nitaweza kumwomba aje tukipime tukione kilivyo. Pengine hamna kitu. Sijui. Lakini akianza tena kutafuna, sitajua kamwe. Wala usimwambie, maana unamfahamu."

Mzee Mihambo akakigeuza kijaluba mkononi. "Sista, wewe ni Msambaa, hujui mambo yetu. Mtani akichukua kitu kwa mchezo, ni mtani. Akikishikilia baada ya mwenziwe kushindwa, ni mwizi. Na mwizi hana mtani."

"Sikulazimishi, Mzee."

Akakirudisha mfukoni, akageuka.

Siku ya kumi Bi Sikudhani akashindwa. Akachinja kuku, akapika wali wa nazi, akatandika jamvi, akawaita majirani wawili wawe mashahidi, akatuma salamu: mtani aje ale, na kijaluba kije naye. Mzee Mihambo hakuja. Kuku akapoa. Majirani wakatazamana, wakala kwa adabu, wakaondoka. Bi Sikudhani akasema mbele yao, "Nilikuwa na mtani. Kumbe nilikuwa na mwizi. Asipite tena mlangoni kwangu." Na Mzee Mihambo, alipopelekewa maneno hayo, alijibu tu kwamba ameyasikia. Tangu siku hiyo akawa akizunguka kwa njia ya nyuma ya soko.

Sheria ya utani ilikuwa imevunjika, na Bi Sikudhani angeweza sasa kununua kijaluba kingine. Lakini jambo moja lilimzuia. Kwa miaka mingi chokaa na tumbaku vilikuwa vimekitia kinywa chake ganzi, na sasa ganzi ilikuwa imeondoka. Doa jeupe la shavuni halikuuma. Kilichouma kilikuwa chini ya ulimi, upande wa kushoto, mahali ambapo hakuwahi kupafikiria. Hata kumeza mate kulimuuma. Kwa hiyo Sista Filomena alipofika siku ya kumi na mbili, alimkuta amekwisha kuvaa baibui.

Mara hii alisukutua, akapigwa mswaki, akasukutua tena, na shashi ikatoka nyeupe. Nuru ikaingia, nuru ikatoka, mstari ukachorwa. Shavu la kulia, lenye doa, salama. Shavu la kushoto, salama. Chini ya ulimi, upande wa kushoto, mstari ukainama pale usipopaswa kuinama. Tungaraza akapima mara tatu. Mara tatu ukainama.

"Sisemi ni ugonjwa," alisema. "Nasema kipande kikatwe hapa, si pale penye doa."

Daktari wa upasuaji wa hospitali ya mkoa, alikopelekwa Bi Sikudhani, alitazama chini ya ulimi kwa macho yake, asione kitu. Akasema kwamba kama angeachiwa mwenyewe, angekata penye doa. Hata hivyo akakata pale kalamu ilipoonyesha. Kipande kikatazamwa kwa hadubini, na baada ya siku kumi na sita jibu likaja: nyama imekwenda kombo sana, lakini bado haijawa saratani. Itolewe upesi. Ikichelewa, huenda wakalazimika kutoa na ulimi.

Bi Sikudhani hakulia. Aliwaza juu ya ulimi wake, jinsi ulivyofanya kazi kuliko vidole, na jinsi ambavyo mtu asiye na ulimi hawezi kumtukana hata mwizi. Asubuhi ya kupasuliwa akaweka nadhiri mbele ya Sista Filomena. "Nikitoka na ulimi wangu, ule mkeka hauendi kaburini. Siku ya arobaini tangu leo nitampa aliyenitoa katika hatari hii."

Ikatolewa nyama yenye ukubwa wa harage. Ulimi ukabaki.

Siku alipoweza kusema tena, Sista Filomena akaketi kando ya kitanda chake akamweleza habari ya kijaluba, tangu siku ya nane hadi kuku alipopoa. Bi Sikudhani akasikiliza yote. Mwishowe akasema, polepole, kwa sababu ya mishono, "Na yule mpumbavu akakubali kuitwa mwizi."

Siku ya arobaini akawaita wote watatu, mtaalamu, muuguzi na mtani. Mkeka ulikuwa umetandikwa katikati ya chumba, na hakuna aliyethubutu kuukalia. Mzee Mihambo aliingia wa mwisho, akasimama mlangoni.

"Ingia," alisema Bi Sikudhani. "Unazuia mwanga, na leo ni siku ya watu wa mwanga."

Akaingia, akakiweka kijaluba sakafuni, kimesuguliwa hadi kinang'aa. "Kuku wangu yuko wapi?"

"Alikufa kwa kukusubiri."

Basi wakajua kwamba hilo limekwisha, wakaketi pembeni mwa mkeka. Bi Sikudhani akasema, "Nilinadhiri kumpa aliyenitoa. Nilidhani ni mtu mmoja. Mkeka haukatwi, ukikata ukili mmoja, kazi yote inafumuka. Semeni, nisikie. Wala msianze adabu zenu za kukataa, maana nadhiri ni yangu na dhambi itakuwa yangu."

Hata hivyo walianza na adabu. Tungaraza akasema apewe Sista. Sista akasema apewe Mzee. Mzee Mihambo akasema, "Mimi nautaka," na adabu zikaishia hapo.

"Basi na mimi nitasema kweli," alisema Tungaraza. "Ondoa kalamu, halafu tuone kinachobaki. Anabaki mwanamke mwenye kinywa safi, na daktari anayekata penye doa. Doa halikuwa na kitu. Angerudi nyumbani na furaha, na ugonjwa uliokuwa chini ya ulimi ungeendelea. Nimeitafuta nuru hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Nikapata nafasi ya kuficha kosa langu, nisilifiche. Mkeka huu ningeutundika chumba cha kalamu, ili atakayekuja baada yangu auone kwanza kabla hajaona chombo."

"Na karatasi ya salama," aliuliza Bi Sikudhani, "nani aliiandika?"

"Mimi, Bibi."

"Endeleeni."

Sista Filomena akatazama mikono yake. "Kalamu iliona shavu moja kwa watu arobaini na mmoja, na mwenyewe akaiamini. Niliyeona uongo huo ni mimi, kwa kitambaa. Mimi ndiye niliyekuja mlangoni hapa mara tatu. Mimi ndiye niliyemgeuza Mzee njiani. Kila kitu kilichotokea baada ya siku ya tatu kilipita mikononi mwangu. Katika miaka kumi na tisa nimeshukuriwa kwa mafungu ya machungwa, ambayo yaligawiwa wodi nzima. Sijawahi kupewa kitu ambacho ni changu."

"Na siku ya kwanza, uliona wekundu?"

"Niliuona."

"Na siku ya pili?"

"Niliuona, nikanyamaza."

Bi Sikudhani akamgeukia mtani wake. "Wewe mbeba mizigo, dai lako ni lipi? Nuru huijui. Shashi huijui. Ulitaka kuku."

"Nilitaka kuku," alisema Mzee Mihambo. "Sitadanganya. Siku ya kwanza hadi ya nane nilikuwa nataka kuku. Lakini kinywa chako kilitakaswa na nani? Kalamu ilishindwa kukisafisha, Sista alishindwa kukuomba. Mimi niliyekuwa nacheza ndiye niliyekisafisha. Na siku nne za mwisho sikuwa nacheza. Wao wawili walifanya kazi yao, na leo wana kazi yao bado. Mimi katika mji huu nilikuwa na kitu kimoja tu, mtani, nikakitoa bila kujua kama chini ya ulimi wako pana ugonjwa au pana maneno tu."

"Na mkeka utaufanyia nini? Una kitanda."

Mzee Mihambo akaupapasa ukingo wa mkeka kwa kidole, akiufuata ukili wa zambarau. "Uliusuka kwa ajili gani?"

Bi Sikudhani akautazama mkeka.

"Kwa ajili hiyo hiyo," alisema Mzee Mihambo. "Ulisema mtanikunja kwenye gunia la katani. Nilicheka, mtani. Lakini niliikata katani hiyo miaka thelathini na mbili, na naijua inavyochoma."

Bi Sikudhani akainama. Akauchukua mkeka, akaukunja taratibu kuanzia upande wa kusini, akaufunga kwa kamba ya ukindu, akausimamisha mapajani mwake. Akamtazama aliyeleta nuru, ambaye nuru yake ilimwambia uongo kabla haijamwambia kweli. Akamtazama aliyeugundua uongo, baada ya kuunyamazia siku mbili. Akamtazama aliyemnyang'anya kwa mchezo, kisha akalipa kwa jina lake. Jua la siku ya arobaini lilikuwa bado halijatua, na nadhiri ilikuwa ikingoja mkononi.

Akauinua mkeka, akanyoosha mikono.

Enyi mliosikiliza hadi hapa, mikono hiyo imenyooshwa na haiwezi kurudi na mkeka. Je, iende upande wa nani?